Nimeokota heller kumi na nne Tabora, rupia sina hata moja. Fedha ya Mjerumani ilikwenda wapi?

#1 Ng'amboMoja
Wakuu, habari zenu. Huu ni mwezi wa nne natembea na ditekta, mashine ya kutafuta vitu vya chuma na madini ardhini, hapa kwetu Tabora. Si zile za wachimba dhahabu, ni hii nyepesi ya sarafu. Kaka alikuja nayo likizo, akachoka nayo, akaniachia. Jumapili asubuhi natoka na kikoleo, maji na mfuko wa lailoni wa kutia takataka.

Napiga shambani kwa mama mkubwa, chini ya miembe mikongwe. Wazee wanasema misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inapumzika pale, na zama za Mjerumani palikuwa na gulio.

Hesabu mpaka jana: visoda 211 (nilianza kuvihesabu kwa hasira). Senti tano na kumi zenye tundu, za Mwingereza, 22. Heller (sarafu ndogo za shaba za Mjerumani) moja moja, 14, ya zamani kabisa 1904 na ya mwisho 1913. Pesa za ile kampuni ya Kijerumani, zenye ndege upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, 3. Maganda ya risasi 6. Pete ya shaba 1.

Heller ya kwanza sitaisahau. Ilikuwa kina cha kiganja, imelala ubavu kwenye donge la udongo kama mbegu ya ubuyu, kijani tupu. Nikaisugua kwa kidole gumba kilicholowa mate, taji likatokea kwanza, halafu 1909, halafu kwa nyuma kaherufi J. Nilikaa chini.

Swali langu: rupia ya fedha hata moja! Nusu sina, robo sina. Gulio zima watu waliuziana kwa heller tu? Zilienda wapi?

#2 Kisoda
Visoda 211 na hujanishukuru hata mara moja. Tunajitolea sana.

#3 FundiKoili
Mkuu, kabla ya historia tuanze na mashine. Umeiwekea kichujio gani? Mashine inakipa kila kitu namba yake, sasa watu wanazima namba za chini ili wasisumbuliwe na misumari na karatasi za sigara, kumbe wamezima na heller kumi yenye tundu. Ile ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, inasoma chini kabisa, karibu na karatasi ya sigara.

Ila rupia haiwezi kukupita kwa sababu hiyo. Fedha inasoma juu kuliko vyote. Kitu cha gramu 11 na ushee, kipana sentimita 3, kikiwa chini ya sahani ya mashine kinalia kama kengele ya kanisa. Kama ipo ndani ya sentimita 20 na huisikii, basi jirani yake kuna chuma.

Jaribu hivi nyumbani. Weka sarafu chini, pitisha mashine, italia vizuri. Sasa weka msumari wa nchi tatu kando yake, pitisha tena. Sarafu inapotea! Gulio la zamani limejaa misumari, vipande vya majembe na mavi ya chuma. Tumia sahani ndogo, peleka mkono polepole, na kila sehemu ipite mara mbili, mashariki-magharibi halafu kaskazini-kusini.

#4 Ng'amboMoja
Sina kichujio mkuu, nachimba kila kinacholia, ndiyo maana visoda 211. Sahani ninayo moja tu hii kubwa. Jaribio la msumari nimelifanya sasa hivi sebuleni, ni kweli tupu. Mke wangu anauliza natafuta nini kwenye kapeti.

#5 MzeeWaPosta
Kijana, mashine yako haina kosa. Fikiria kama mwenye hela. Heller ikikudondoka gulioni utainama? Labda. Rupia ikikudondoka, utawasimamisha watu wote wasikanyage mpaka uipate. Rupia moja ilikuwa heller 64. Kodi ya nyumba aliyoileta Mjerumani 1898 ilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Ukipoteza rupia moja umepoteza theluthi ya kodi, na asiyelipa alijua kitakachomkuta.

Ardhi haitunzi kilichokuwepo, kijana wangu, inatunza kilichodharauliwa.

#6 Darubini
Mzee wangu shikamoo, hoja nzuri ila hesabu imechanganyika. Rupia ilikuwa PESA 64, enzi za Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ile kampuni ya Kijerumani, yaani hizo tatu zenye Kiarabu. Serikali ilipochukua kazi ya sarafu na kuleta heller mwaka 1904, rupia ikawa heller 100.

#7 MzeeWaPosta
Marahaba. Ni kweli, mia. Uzee.

#8 BintiSonara
Naomba niingie maana hili ni la nyumbani kwetu. Babu yangu alikuwa sonara. Rupia hazikupotea, zilivaliwa! Mtu akija na rupia tano, babu anaziyeyusha, anamtengenezea bangili au kikuku, anakata chake. Fedha ya rupia ilikuwa safi, karibu asilimia 92, na uzito wake ulilingana na rupia ya India, kwa hiyo babu alizipenda zote mbili, ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, mwenye helmeti na ya Malkia Victoria. Alikuwa anasema hazina mabishano kwenye mizani.

Mwingereza alipoleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, rupia ya Mjerumani haikuwa hela tena, lakini ilibaki kuwa fedha. Heller haikubaki kuwa kitu. Ungeitupa au ungempa mtoto achezee.

Mtafute sarafu mikononi mwa mabibi, si kwenye udongo.

#9 Kisoda
Kwa hiyo apitishe ditekta kwa mabibi? Utarudi na bakora mkuu, nakwambia.

#10 Mwananzengo77
Mnazunguka tu. Rupia ZIPO, zimezikwa kwenye masanduku pamoja na dhahabu. Mjerumani alipokimbia 1916 hakubeba kitu. Kwetu kuna jiwe lina mshale na namba, mzungu alikuja 1994 akapiga picha akaondoka. Ile dhahabu yenye tembo ilitengenezwa hapo hapo Tabora, mamilioni kwa mamilioni, iko wapi sasa? Jibuni.

#11 Darubini
Mamilioni? Rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo na mlima nyuma yake, zilipigwa 16,198 tu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, na kazi ikafanyika kwenye karakana ya reli hapo Tabora mwaka 1916, ndiyo maana ina herufi T. Kila moja ni gramu 7 na kidogo, tena si dhahabu tupu, ni robo tatu. Zote kwa pamoja hazifiki kilo 120. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba mwaka huo huo, kwa hiyo muda wenyewe ulikuwa mfupi. Nyingi ziko kwa wakusanyaji hadi leo. Hakuna masanduku ya kuzika.

Mwenye uchumi mdogo kama sisi atafute ndugu yake maskini, heller 20 ya mwaka huo huo, ya shaba nyekundu au ya manjano, nayo ina T. Sura yake mbaya, kingo hovyo, imepigwa kwa mashine ambayo haikuwa ya kazi hiyo. Mimi naipenda kuliko ya tembo.

#12 Mwananzengo77
Wewe unaamini vitabu. Mimi jiwe nimeligusa.

#13 FundiKoili
Mkuu, mishale na namba kwenye mawe mara nyingi ni alama za wapima ardhi. Hata kwetu ipo, watu wamechimba shimo la kuingia ng'ombe na hawakupata hata kisoda.

#14 Kisoda
Msinitaje kwenye mashimo.

#15 WakiliMtaani
Kabla hamjampoteza kijana wa watu: kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ikarekebishwa 1979. Kuchimba kwa nia ya kutafuta mabaki ya kale bila leseni ni kosa. Haijalishi shamba ni la mama mkubwa. Na ukikutana na kitu cha kale unatakiwa utoe taarifa.

#16 Darubini
Wakili, sheria hiyo inaposema mabaki ya kale inahesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Heller ya 1909 inaingiaje hapo?

#17 WakiliMtaani
Heller haingii, ni kweli. Lakini yeye yuko kwenye njia ya misafara. Leo heller, kesho shanga, keshokutwa kipande cha chungu cha miaka mia tatu, na koleo halijui kusoma mwaka. Tena waziri ana uwezo wa kutangaza eneo au kitu kuwa cha kulindwa hata kama si cha kabla ya 1863. Ushauri wa bure: nenda makumbusho au kwa afisa utamaduni wa wilaya, jieleze, uandikwe. Na ukiona kifusi cha zamani, vigae au mifupa, funika, ondoka, toa taarifa.

#18 MpwaniWaMvita
Hamjambo, niko Mombasa. Huku kwetu sheria ni ya 2006, na mstari wenyewe ni 1895. Chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya hapo ni mali ya kale. Kwa hivyo hizo pesa zake tatu za 1890 zingekuwa na kesi huku.

Mimi naziokota ufuoni kwa macho tu, baada ya mawimbi makubwa. Ndururu (senti tano) nyingi mno. Ditekta niliyoazima ilikuwa inalia yenyewe kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, nikairudisha.

#19 MtuWaKilwa
Na mimi niseme la kwetu. Kuna watu wakisoma uzi huu watafunga safari kuja Kilwa. MSIJE na mashine. Sarafu za masultani wa Kilwa ni vishaba vidogo, vyembamba, nyingi hazina hata mwaka. Kinachozijulisha ni mahali zilipokutwa: tabaka gani, karibu na ukuta gani, pamoja na chungu gani. Ukiing'oa ukaitia mfukoni umebaki na kishaba kisicho na habari. Mtambwe Mkuu kule Pemba mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili mahali pamoja, na za dhahabu chache. Wataalamu wamezisoma vizuri kwa sababu zilikuwa bado ziko pamoja.

Hata sarafu tano za Kilwa zilizookotwa visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944, mpaka leo watu wanabishana zilifikaje kule, kwa sababu aliyeziokota alizibeba tu.

#20 Ng'amboMoja
Asante Wakili, asante mtu wa Kilwa. Nimeanza daftari: tarehe, hatua ngapi kutoka mwembe upi, kina cha vidole vingapi. Wiki ijayo naenda kwa afisa utamaduni. Mtu wa Kilwa, sisogei huko, nauli yenyewe sina.

Ila swali langu bado. Mpaka sasa nina "hawakuzidondosha" ya mzee na "ziliyeyushwa" ya Binti. Nani mwingine?

#21 Msimbazi_Sekondari
Nafundisha historia. Naona mmeiruka vita. Ilianza 1914, Mwingereza akafunga bahari, sarafu mpya zikaacha kuja. Watu si wajinga, wakaanza kuficha fedha na kutumia shaba. Serikali ikakosa sarafu kabisa, mwaka 1915 ikaanza kuchapa noti za dharura hapa hapa nchini, na ndiyo maana 1916 ikalazimika kupiga hizo heller 20 za T. Kwa hiyo rupia zilitoweka gulioni WAKATI ULE ULE, miaka mia iliyopita. Kijana anatafuta chini ya mwembe kitu ambacho Mjerumani mwenyewe alikitafuta akakikosa.

#22 BintiSonara
Mwalimu, zilifichwa halafu zikafichuliwa zikaletwa kwa babu. Tunasema kitu kimoja.

#23 Msimbazi_Sekondari
Si kimoja. Waliozificha wengine walichukuliwa upagazi wakafia njiani. Nani alirudi kufukua?

#24 MkweWaNzega
Hapo kwenye kuficha nina la kusema. Bibi mzaa mama alikuwa anazika hela zake ndani ya nyumba, chini ya jiwe la kusagia, haziki shambani hata siku moja. Sasa fikirieni tembe. Likiachwa, paa la udongo linaanguka, kuta zinayeyuka kwa mvua, kila kitu kinarudi kuwa kichuguu. Sakafu ile iko chini ya nusu mita au mita ya udongo. Mashine ya sentimita 20 itasikia nini? Anapita juu ya rupia, anasikia visoda.

Ng'amboMoja, usiende kufukua mahame lakini. Na makaburi yako humo humo.

#25 FundiKoili
Nusu mita kwa sarafu moja, sahau. Chungu kizima cha sarafu kinaweza kusikika zaidi ya hapo maana mashine inakiona kama kitu kimoja kikubwa. Ila naungana na mkwe: mahame yaachwe.

#26 Darubini
Kuhusu kina, mmesahau mchwa. Wenzetu wa nchi za baridi wanasema sarafu zinazamishwa na minyoo, Darwin aliandika kitabu kizima juu ya minyoo hiyo mwaka 1881. Kwetu kazi ni ya mchwa. Anapandisha udongo laini kutoka chini, mvua inautandaza, sarafu inabaki imefunikwa. Kwa hiyo heller ya kina cha kiganja na rupia ya kina cha mkono zinaweza kuwa zilidondoka mwaka mmoja, hatua tano kutoka nyingine.

#27 MzeeWaPosta
Mchwa anachagua rupia tu, heller anaiacha juu?

#28 Darubini
😀 Hapo mzee umenikamata.

#29 Chapakazi
Samahani natoka nje ya mada. Kuna jamaa ananiuzia rupia, anasema ni ile inayovuta mchele, kuna wazungu hotelini wananunua kwa milioni mia nne. Anataka nitangulize laki tatu ya vipimo.

#30 FundiKoili
KIMBIA.

#31 BintiSonara
Kimbia kaka yangu. Fedha haivuti mchele, haivuti sindano, haivuti wembe. Ikivuta sindano ina sumaku, basi si rupia. Nenda kwa sonara yeyote uiweke mizanini: rupia nzima ni gramu 11.66, ikichakaa inapungua kidogo. Ya gramu 8 au 14 ni ya jana.

#32 Chapakazi
Nimemwambia twende kwa sonara, simu haipokelewi tena.

#33 MpwaniWaMvita
Pole. Bora laki zako unazo bado, wengine walibaki hawana hata ndururu.

#34 Kisoda
Swali la kizembe: zile senti za Mwingereza zilitobolewa za nini? Babu aliniambia ni za kuvalisha kamba kwa sababu kaniki na kanzu hazina mifuko.

#35 Msimbazi_Sekondari
Kamba watu walivalisha kweli, ila tundu pia linaokoa shaba na linakusaidia kuijua sarafu gizani kwa kidole. Na kwa kuwa ina tundu haikuwekwa kichwa cha mfalme, jina tu. Ndiyo maana mfalme Edward VIII, aliyetawala na kuachia kiti mwaka huo huo wa 1936 kabla hajatawazwa, ana senti tano na kumi za Afrika Mashariki zenye jina lake. Ng'amboMoja angalia zako za 1936, kuna za George V na za Edward VIII. Utajiri hakuna hapo, zilipigwa nyingi, ila inafurahisha.

#36 Ng'amboMoja
Ngoja nizilete karibu na taa... moja ya 1936. EDWARDVS VIII REX. Aisee! Nilikuwa nimeitia kwenye kopo la misumari.

#37 MkweWaNzega
Usiisafishe! Mwaka juzi nilipata pesa ya mwaka 1308 wa Hijria, Kiarabu kinasomeka chote. Nikaona nikiisugua na ndimu na majivu itang'aa. Iling'aa kweli, nyekundu kama ulimi, na maandishi nusu yakaondoka na lile ganda la kijani. Maji tu, na mswaki laini kama ni lazima.

#38 Kisoda
Kwa hiyo tunaposema "sina hela" tunasema hatuna heller?

#39 Darubini
Ndiyo, hela ni Heller yenyewe. Pesa ni ya zamani zaidi, imetoka India.

#40 Kisoda
Basi mimi sina vyote viwili, vya Mjerumani na vya Mhindi.

#41 MzeeWaPosta
Turudi. Mwalimu, kama zilifichwa, nyingine zilishaenda boma kulipia kodi kabla ya vita. Kila mwaka rupia tatu, kila nyumba. Heller zinabaki gulioni, rupia zinapanda boma. Hiyo ya tatu hamjaihesabu.

#42 Msimbazi_Sekondari
Boma lilizitoa tena, mzee. Mishahara ya askari ililipwa kwa nini?

#43 MzeeWaPosta
Askari alizila. Nakwambia tu zilikuwa zinazunguka juu, hazishuki kwenye mwembe.

#44 Ng'amboMoja
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Afisa utamaduni ameniandika, akaniambia nisitoke nje ya shamba letu na nimpelekee daftari kila mwezi. Alizipenda pesa tatu zaidi kuliko nilivyodhani, amezipiga picha.

Sasa sikilizeni. Jumapili niliacha miembe, nikafuata kinjia cha zamani kinachoshuka kisimani. Sahani ndogo niliazimwa. Hatua arobaini kutoka mwembe wa mwisho, sauti ya juu, safi, huku na huku. Nikajua kisoda. Kina cha vidole sita, udongo ukaachia kitu cha kijivu, si kijani. Robo rupia. Simba na mnazi nyuma yake vinaonekana vizuri, Kaiser pua imelika, mwaka siusomi.

Ila ina tundu. Si la kiwandani, limetobolewa kwa msumari juu ya kofia ya Kaiser, na upande mmoja limelika mpaka karibu na ukingo. Kamba ilikuwa inasaga hapo muda mrefu.

#45 BintiSonara
NILISEMA. Zilivaliwa!

#46 MzeeWaPosta
Ilikatika kamba ndiyo maana ikadondoka. Angekuwa ameishika mkononi isingedondoka. Hoja yangu iko pale pale.

#47 Msimbazi_Sekondari
Kuivaa shingoni ni njia ya kuificha isiende gulioni.

#48 Mwananzengo77
Na kinjia kinashuka kisimani. Kisima hicho mmekipima kina chake?

#49 FundiKoili
Mwananzengo acha kisima cha watu. Ng'amboMoja, namba ngapi mashine ilisoma?

#50 Ng'amboMoja
Sikuangalia mkuu, nilikuwa nimeshapiga magoti. Mama mkubwa ameiona akaniuliza kama naweza kumrudishia kamba.

#51 Kisoda
Visoda vimefika ngapi?

#52 Ng'amboMoja
264.